Mhariri Amenirudishia Makala kwa Sababu ya Marejeleo: Nianzie Wapi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mwanza, na makazi yangu ni Nyegezi. Mwaka jana nilikamilisha tasnifu ya umahiri kuhusu wanawake wanaokausha na kuuza dagaa katika mialo ya Ziwa Victoria, na msimamizi wangu akanishauri nitoe makala kutokana na mojawapo ya sura zake. Niliiandika kwa Kiswahili, nikaituma kwa jarida linalopokea makala za Kiswahili na za Kiingereza. Wiki hii nimepokea barua pepe ya mhariri inayosema kwamba makala haijapelekwa kwa wahakiki kwa kuwa marejeleo hayafuati mwongozo wa jarida, kwamba jarida linatumia mtindo wa marejeleo wa APA toleo la saba, na kwamba nina wiki mbili za kurekebisha na kuituma upya.

Tasnifu niliiandika kwa mtindo wa chuo, ambao tuliambiwa ni Harvard. Orodha yangu ina vyanzo zaidi ya sitini: makala za majarida ya nje kuhusu samaki wa ziwa hili, ripoti za wizara na za taasisi za utafiti, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, tasnifu za wanafunzi waliotutangulia, kurasa za tovuti, na mahojiano niliyofanya na wachakataji katika mwalo wa Kirumba. Kila nikikaa kurekebisha nabadilisha mabano hapa na nukta pale, kisha nakuta chanzo ambacho sina hata namba za kurasa zake, kwa sababu nilikipata katika marejeleo ya tasnifu ya mtu mwingine.

Wenzangu wananishauri kila mmoja lake. Mmoja anasema nimpelekee kijana wa steshenari anipangie kwa malipo. Mwingine anasema nitumie Zotero, programu ya kupanga marejeleo. Wa tatu anasema nibandike orodha nzima kwenye programu ya akili mnemba na itarudi ikiwa tayari. Naomba unisaidie: je, huku ndiko kukataliwa kwa lugha ya upole? Mahojiano yangu yaingie kwenye orodha? Wizara iliyobadilika jina niiandikeje? Niandike "et al." au "na wenzake"? Na waandishi wetu wenye majina matatu, litangulie lipi?

Mtafiti wa Nyegezi, Mwanza

*

Marahaba, binti yangu.

Hujakataliwa. Mhariri anayekataa makala husema hivyo waziwazi na hatoi muda wa kurekebisha. Kilichotokea ni kwamba makala yako haikupita ukaguzi wa awali, ambao majarida mengi huufanya kabla ya kuwasumbua wahakiki, na ambao huangalia mambo ya nje kama urefu, ikisiri, majedwali na marejeleo. Mjibu mhariri leo hii kwa sentensi mbili tatu, umshukuru na kumthibitishia kwamba unaifanyia kazi. Ukiona wiki mbili hazitoshi kwa vyanzo zaidi ya sitini, omba nyongeza ya muda sasa, si siku ya mwisho, kwa kuwa mhariri aliyearifiwa mapema hupanga toleo lake akijua makala yako iko njiani.

Uchovu unaoueleza unatokana na kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba taarifa za kila chanzo ni kamili na za kweli: nani aliandika, mwaka gani, kichwa ni kipi, kilitoka wapi, kurasa zipi. Kazi ya pili ni kuzipanga taarifa hizo kwa utaratibu ambao jarida limeuchagua. Ya pili ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, na sehemu kubwa yake inaweza kufanywa na programu. Ya kwanza hakuna wa kukufanyia, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma vyanzo hivyo. Kwa hiyo acha kabisa kugusa mabano na nukta hadi taarifa zitimie.

Fungua jedwali, kila chanzo kiwe na mstari wake, kisha uchukue chanzo chenyewe, yaani makala, ripoti au kitabu, na ujaze safu ukitazama ukurasa wake wa kwanza au jalada lake. Usijaze ukitazama orodha ya zamani. Makosa ya marejeleo husafiri kutoka tasnifu hadi tasnifu: mmoja alikosea mwaka, wa pili akanakili, wa tatu akanakili kwa wa pili, na baada ya muda kosa linaonekana kuwa kweli kwa sababu limerudiwa mara nyingi. Vile vyanzo ulivyovipata katika marejeleo ya mtu mwingine ndivyo vya kuanza navyo. Vitafute kimoja kimoja. Kama ni makala ya jarida, chukua kichwa chake ukibandike katika ukurasa wa utafutaji wa Crossref, shirika linaloandikisha namba za DOI, yaani namba za kudumu za utambulisho mtandaoni, za machapisho ya kitaaluma tangu mwaka 2000. Mara nyingi utapata juzuu, toleo, kurasa na DOI yenyewe papo hapo. Kama ni ripoti isiyopatikana mtandaoni, iulizie katika maktaba ya taasisi iliyoitoa, ambayo kwa mada yako huenda iko hapohapo mjini, maana Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Mwanza.

Ukikosa kabisa kukiona chanzo, una njia mbili za haki. Unaweza kusema katika matini kwamba fulani amenukuliwa na fulani, na katika orodha ukaweka yule tu uliyemsoma. Au unaweza kukiondoa, na hoja ikasimama kwa vyanzo vingine. Njia ya tatu, ya kukiacha kana kwamba ulikisoma, siikubali hata kidogo, kwa kuwa msomaji anayefuata kiungo chako anakuamini kwamba ulifika pale kabla yake.

Sasa kuhusu mtindo wenyewe. Jina "Harvard" hutumika kwa familia nzima ya mitindo ya mwandishi na mwaka, wala hakuna kitabu kimoja rasmi kinachoiamulia. Kila chuo kina Harvard yake, na ndiyo sababu orodha iliyopita bila tatizo chuoni kwako haikupita kwa mhariri. APA ina kitabu chake, kinachotolewa na Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, na toleo la saba lilitoka mwaka 2019. Hata hivyo, mwongozo wa jarida una nguvu kuliko kitabu hicho. Mahali ambapo jarida limesema jambo lake, fuata jarida, na mahali lilipokaa kimya, fuata APA. Pakua makala mbili za Kiswahili kutoka katika toleo la karibuni la jarida hilo uziweke mbele yako, kwa sababu zitakujibu maswali mengi ambayo mwongozo haukuyagusa.

Umbo la msingi la makala ya jarida ni hili: jina la ukoo la mwandishi, herufi za mwanzo za majina mengine, mwaka katika mabano, kichwa cha makala kwa herufi za kawaida, jina la jarida kwa italiki, namba ya juzuu kwa italiki, namba ya toleo katika mabano bila italiki na bila nafasi kabla yake, kurasa, kisha DOI ikiandikwa kama kiungo kamili kinachoanza na https://doi.org/, bila nukta mwishoni. Nukta hiyo ya mwisho huonekana ndogo, lakini mtu akiinakili pamoja na kiungo, kiungo hakifunguki. Jambo jingine linalowachanganya wanaotoka Harvard ni mji wa mchapishaji. Katika toleo la saba hauandikwi tena, kwa hiyo maneno kama "Dar es Salaam:" au "Nairobi:" kabla ya jina la mchapishaji yote yanaondoka.

Vichwa vya makala za Kiingereza huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni tu, baada ya nukta pacha, na katika majina maalumu. Hapa utafiti wako una mtego wake. Vichwa vingi kuhusu ziwa letu vina majina ya kisayansi, na ukibadilisha herufi kwa kitufe cha kompyuta, jina la Victoria hubaki na herufi ndogo na jina la jenasi huharibika pia. Dagaa wetu ni Rastrineobola argentea na sangara ni Lates niloticus: neno la kwanza lina herufi kubwa daima, la pili ndogo daima, na yote mawili huwa katika italiki. Ikiwa jina hilo limo ndani ya kichwa cha kitabu au ripoti ambacho chenyewe kiko katika italiki, jina la samaki hugeuzwa kuwa herufi za kawaida ili litofautike. Pitia vichwa hivyo kwa macho yako baada ya kila kitu kwisha. Na vichwa vya Kiingereza usivitafsiri. Viache katika lugha yake, hata kama makala yako ni ya Kiswahili.

Wizara iandike kwa jina lililo kwenye jalada la ripoti uliyoisoma. Mwaka 2003 uvuvi ulikuwa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na leo uko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Ukiisogeza ripoti ya zamani chini ya wizara ya sasa kwa nia ya kusawazisha orodha, msomaji atakayeitafuta maktabani hataipata. Taasisi yenye kifupi, iandike kwa jina kamili katika orodha. Katika matini, mara ya kwanza weka jina kamili pamoja na kifupi, na baada ya hapo kifupi peke yake kinatosha. Kama mwandishi na mchapishaji ni taasisi ileile, jina halirudiwi mara ya pili. Kwa upande wa Sheria ya Uvuvi, APA hufuata utaratibu wa wanasheria wa Marekani, usiotufaa sana sisi, kwa hiyo tazama kwanza jarida limeandikaje sheria za Tanzania katika makala zilizopita. Usipopata mfano, ningeanza na jina la sheria yenyewe: Sheria ya Uvuvi, Na. 22 ya mwaka 2003 (Tanzania). Katika matini uiite kwa jina na mwaka huohuo.

Tasnifu isiyochapishwa hupewa maelezo katika mabano ya mraba baada ya kichwa, yakitaja kwamba ni tasnifu ya umahiri isiyochapishwa, kisha jina la chuo. Ikiwa inapatikana katika hazina ya kidijitali ya chuo, haiitwi tena isiyochapishwa. Jina la chuo linaingia ndani ya mabano na kiungo kinawekwa mwishoni. Ukurasa wa tovuti unahitaji mwandishi au taasisi, tarehe kamili kama ipo, kichwa, jina la tovuti na kiungo. Tarehe uliyoutembelea huongezwa tu pale ambapo maudhui yake hubadilika mara kwa mara.

Mahojiano yasiingie kwenye orodha, na hili naomba ulizingatie kuliko yote niliyosema kuhusu nukta. Maneno ya wanawake uliowahoji mwalo wa Kirumba ni data ya utafiti wako. Kwa APA, mshiriki wa utafiti harejelewi kama chanzo. Unaeleza katika sehemu ya mbinu ulihoji akina nani na lini, na unaponukuu unasema ndani ya matini kwamba ni mshiriki fulani, kwa namba au kwa maelezo kama "mchakataji mwenye umri wa makamo, Kirumba". Ukiwaorodhesha kwa majina na tarehe katika marejeleo utakuwa umevunja usiri ulioandikwa katika fomu ya ridhaa waliyotia saini. Mwaloni watu wanafahamiana, na mama aliyekueleza namna anavyokopeshwa na mwenye mtumbwi anaweza kutambuliwa na mwenye mtumbwi huyohuyo. Tofauti na hao ni mtu aliyekupa taarifa nje ya utafiti, tuseme afisa uvuvi aliyekujibu swali kwa barua pepe. Huyo ni mawasiliano binafsi. Hutajwa ndani ya matini tu, kwa herufi za mwanzo, jina la ukoo na tarehe kamili, wala haendi kwenye orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuyapata mawasiliano hayo.

Kuhusu majina ya waandishi wetu, kanuni ni kutanguliza jina la ukoo, ambalo kwa kawaida ndilo la mwisho: mtu aliyejiandika Neema Joseph Masanja anakuwa Masanja, N. J. Lakini wapo waliozoea kuanza na jina la ukoo, na katika machapisho mengine mpangilio huo umehifadhiwa hivyohivyo kwenye jalada. Ukiwa na shaka, tazama mwandishi huyo anavyojirejelea mwenyewe katika kazi zake nyingine, ufuate hivyo. Kisha angalia mtu mmoja asigawanyike kuwa wawili. Mahali pamoja ameandikwa kwa herufi moja ya mwanzo, pengine kwa mbili, na orodha yako ikapangwa kana kwamba ni watu tofauti. Vyeo kama Dkt. na Prof. haviandikwi.

"Na wenzake" ndiyo ingekuwa chaguo langu katika makala ya Kiswahili, sambamba na "na" badala ya alama ya & kati ya waandishi, na "uk." kwa ukurasa. Lakini ukikuta makala za Kiswahili za jarida hilo zina "et al.", fuata hilo pasipo kulalamika, mradi liwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Idadi ndiyo haibadiliki: kwa toleo la saba, kazi yenye waandishi watatu au zaidi hufupishwa katika matini tangu mara ya kwanza kutajwa, wakati katika orodha majina yote hutajwa hadi ishirini. Makala za utafiti wa ziwa huandikwa na watu wengi kutoka nchi zote tatu zinazolizunguka, kwa hiyo utaikuta kanuni hiyo mara kwa mara.

Nakuja kwenye ushauri wa wenzako. Kijana wa steshenari anaweza kukufanyia vizuri mpangilio wa kurasa: nafasi kati ya mistari, na ule utaratibu wa mstari wa kwanza kuanzia ukingoni huku inayofuata ikiingia ndani. Katika Word jambo hilo hufanywa kwa kubonyeza Ctrl na T baada ya kuichagua orodha yote, si kwa kugonga nafasi nyingi. Usimwachie kuamua kama mwaka ni 2009 au 2010, kwa kuwa hana namna ya kujua. Akili mnemba sikushauri kwa kazi hii. Programu hizo hutunga maneno yanayofanana na marejeleo ya kweli. Zikikuta pengo huweza kulijaza kwa kurasa za kubuni au kwa DOI inayoelekea kwenye makala nyingine kabisa, na wakati mwingine hubadilisha hata kile ulichokuwa umekiandika sawasawa. Utalazimika kukagua upya vyanzo vyote, yaani kazi ileile uliyotaka kuikwepa.

Zotero naiunga mkono kwa moyo wote. Ni ya bure, ukiipa DOI inajaza taarifa yenyewe, na inaunganishwa na Word ili orodha ijipange kadiri unavyodondoa. Siku ukipeleka makala kwa jarida jingine lenye mtindo wa Vancouver, ule wa namba unaotumiwa sana na majarida ya tiba, utabadilisha kwa kuchagua tu. Ina mambo mawili ya kuyaangalia. La kwanza ni jina la taasisi: usipobonyeza kile kitufe kinachounganisha sehemu mbili za jina kuwa moja, programu itadhani wizara ni mtu, na katika orodha utakuta "Uvuvi, W. ya M. na". Nimeona miswada iliyofika kwa wahariri ikiwa na mistari ya namna hiyo. La pili ni kwamba ukichagua Kiingereza kuwa lugha ya orodha, itakuandikia "et al." na alama ya &. Kwa hiyo maliza marekebisho yote kwanza, hifadhi nakala yenye viungo hai vya Zotero, kisha katika nakala ya pili ondoa viungo hivyo na ubadilishe maneno hayo kwa mkono.

Kabla ya kutuma, chapisha orodha kwenye karatasi. Soma makala aya kwa aya, na kila unapokuta jina na mwaka katika mabano, weka alama mbele ya chanzo hicho katika orodha. Ukimaliza, chanzo kisicho na alama ni kile ulichokisoma wakati wa tasnifu lakini hukukitaja katika makala, nacho kinatoka, maana APA inataka kilichorejelewa tu. Jina lililo katika matini bila kuwamo katika orodha linaongezwa. Mwaka unaotofautiana kati ya sehemu hizo mbili unahakikiwa kwenye chanzo. Mwandishi mwenye kazi mbili za mwaka mmoja anapewa a na b, kwa kufuata alfabeti ya vichwa, na herufi hizo zionekane pia katika matini. Nina hakika kwamba vyanzo vyako zaidi ya sitini vitapungua, kwa kuwa orodha ya tasnifu huwa pana kuliko mahitaji ya makala moja.

Angalia pia kama jarida linahakiki bila kumtaja mwandishi. Kama ndivyo, tasnifu yako mwenyewe katika orodha inakutambulisha, na mwongozo utakuambia uifiche vipi kwa muda hadi uhakiki ukamilike.

Unapotuma, ambatisha barua fupi kwa mhariri. Mweleze kwamba marejeleo yote yamehakikiwa kwenye vyanzo vyenyewe na kupangwa kwa APA toleo la saba, kwamba vyanzo ambavyo havikurejelewa katika matini vimeondolewa, na kwamba mahojiano hayamo katika orodha kwa sababu ni data ya washiriki walioahidiwa usiri. Kama kuna chanzo ambacho mwongozo wao haukukigusa, kama hiyo Sheria ya Uvuvi, mtajie ulivyoamua kukiandika, na umwombe akuelekeze ikiwa wao wana utaratibu mwingine.